Kupata Programu za ZX Spectrum na Kuziendesha: Mwongozo Kamili kwa Walioko Tanga

Kama una ZX Spectrum, ile kompyuta ndogo ya nyumbani ya Kiingereza ya miaka ya 1980, kabatini, au umeikuta kwa babu yako Ngamiani imefungwa ndani ya mfuko wa rambo pamoja na waya zake, mwongozo huu ni wako. Swali la kwanza la kila mwenye mashine hii ni lile lile: inawaka, je, programu nazipata wapi? Duka la kuziuza halipo Tanga wala Dar es Salaam. Lakini programu zenyewe zipo kwa maelfu, na nyingi unazichukua bila kulipa hata senti. Kazi iko kwenye kuzifikisha ndani ya mashine, na hapo ndipo watu hukata tamaa wakidhani kompyuta imekufa, kumbe nzima.

Kabla ya yote shika jambo moja, maana hatua zote zilizobaki zinalitegemea: programu ya Spectrum ni sauti. Waingereza wa kampuni ya Sinclair walipoitoa mwaka 1982 hawakuiwekea diski. Waliiwekea tundu la kuunganisha redio kaseti. Programu ilirekodiwa kwenye kaseti ya kawaida, ile ile ya taarab, ikapigwa, na kompyuta ikasikiliza. Kwa hiyo chochote kinachotoa sauti safi kinaweza kuilisha mashine hii: redio, laptopu, hata simu iliyo mfukoni mwako. Ukikwama, usianze na kompyuta. Anza na sauti.

Ijue mashine uliyonayo

Zilitoka za aina kadhaa na programu hazilingani. Ya kwanza, ile nyeusi ndogo yenye vitufe vya mpira, ilikuja na kumbukumbu ya 16K au 48K (K ni kilobaiti), na kwa nje zote mbili ni sawa, huwezi kuzitofautisha kwa macho. Baadaye ikaja Spectrum+ yenye vitufe vigumu, kisha ya 128K. Mwaka 1986 kampuni ya Amstrad ilinunua biashara ya kompyuta ya Sinclair ikatoa +2 yenye deki ya kaseti ubavuni, na mwaka 1987 ikatoa +3 yenye diski ya inchi 3. Mwongozo huu unaifuata zaidi ile ya vitufe vya mpira, ila sehemu ya sauti inazihusu karibu zote. Kwenye +2 na +3 tu angalia matundu, kwa sababu +2 inapokea kaseti kwa deki yake yenyewe.

Ukiiwasha ikawa nzima, kioo kinakuwa cheusi kwa muda mfupi, kisha kinakuwa cheupe, na chini yanatokea maandishi ya haki ya Sinclair Research ya mwaka 1982. Hapo pima kumbukumbu. Andika:

PRINT PEEK 23732+256*PEEK 23733

Usiandike PRINT herufi kwa herufi. Kila kitufe cha Spectrum kina neno zima: P peke yake inatoa PRINT. Ili kupata PEEK, bonyeza CAPS SHIFT na SYMBOL SHIFT pamoja, alama inayowaka ibadilike kuwa E, kisha bonyeza O. Alama ya kujumlisha na ya kuzidisha zimeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye vitufe vyake, na unazipata kwa kushika SYMBOL SHIFT. Maliza kwa ENTER. Jibu likiwa 65535, una 48K nzima. Likiwa 32767, ama mashine yako ni ya 16K, ama ni ya 48K ambayo kumbukumbu yake ya juu ina hitilafu. Liandike jibu hilo kwenye karatasi na ulibandike chini ya mashine. Litakuokolea muda mwingi huko mbele, kwa kuwa michezo mingi inadai 48K.

Umeme na TV

Hapa nitakwenda haraka, ila kuna onyo moja lisilo na mzaha. Spectrum inatumia umeme wa DC wa volti 9, kama ampea 1.4, na pini ya katikati ya plagi yake ni HASI. Adapta nyingi unazozikuta madukani leo katikati ni chanya. Ukichomeka moja ya hizo unaweza kuua mashine kwa sekunde moja. Pima kwa testa kwanza, na kama huna, mpelekee fundi redio akupimie, ni kazi ya dakika moja. Adapta ya asili ukiipima bila mzigo itasoma zaidi ya volti 9, pengine 12 au 13. Hilo ni kawaida yake. Ilitengenezwa kwa umeme wa Uingereza, wa volti zinazolingana na zetu, na pini zake za mraba zinaingia kwenye soketi za hapa bila kigeuzi.

Kwa picha, TV ya chogo ndiyo rafiki mkubwa wa mashine hii. Inatoa picha ya PAL kupitia tundu la antena, chaneli 36 ya UHF, karibu na 591 MHz. Usishtuke kwamba matangazo ya analojia yalizimwa zamani. Kilichozimwa ni minara ya kurushia, kitafutio kilichomo ndani ya TV bado kinafanya kazi. Waya ya antena kutoka Spectrum iingie moja kwa moja kwenye TV, king'amuzi ukiweke pembeni, kisha tafuta chaneli polepole kwa mkono. Fundi mwenye mkono mwepesi anaweza pia kurekebisha kisanduku cha chuma kilichomo ndani ili kitoe picha ya AV, na picha hiyo inakaa vizuri hata kwenye TV bapa. Ni marekebisho madogo, napendekeza yafanyike. Sauti usiitafute kwenye TV: mashine ya 48K ina spika yake ndogo ndani.

Neno moja kwa sisi wa pwani. Hewa ya chumvi inakula shaba. Kama mashine ilikaa Raskazone au Chumbageni miaka na miaka bila kuguswa, matundu ya EAR (la kuingizia sauti) na MIC (la kutolea sauti) yatakuwa na kutu nyembamba isiyoonekana. Chovya kijiti cha pamba kwenye spiriti, safisha tundu, kisha ingiza na kutoa jeki mara nyingi. Kazi hii ndogo huponya mashine nyingi zilizodhaniwa mbovu.

Programu zilipo

Kuna sababu kwa nini huzikuti mitaani kwetu. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na Tanzania Bara haikuwa na matangazo ya televisheni hadi miaka ya 1990. Wakati watoto wa Uingereza wananunua michezo ya kaseti dukani, hapa mashine za aina hii zilikuwa za kuhesabika, zikija mikononi mwa watu waliotoka safari. Soko la kaseti zake halikupata kuota. Kwa hiyo hazina yetu ni intaneti.

Sehemu kubwa tatu za kuanzia ni World of Spectrum, iliyoanzishwa mwaka 1995 na Martijn van der Heide, kisha Spectrum Computing, ambayo kwa maoni yangu ndiyo rahisi zaidi kutafutia leo, na Internet Archive. Ya nne ni itch.io. Huko utakuta michezo mipya kabisa, maana bado kuna watu wanaotunga michezo ya mashine hii na kuigawa bure au kwa bei ndogo. Napenda kumwanzisha mgeni na michezo hii mipya, kwa sababu haki zake ziko wazi na mwenye mchezo mara nyingi anaeleza mwenyewe unavyopakiwa.

Kuhusu haki: programu kuwa ya zamani hakuifanyi kuwa ya bure. Waandishi na kampuni nyingi zimeruhusu kazi zao zigawiwe, na Amstrad yenyewe mwaka 1999 iliruhusu programu ya ndani ya Spectrum isambazwe kwa ajili ya emuleta, yaani programu zinazoigiza mashine hii ndani ya kompyuta za leo. Kampuni nyingine zilikataa, na hazina hizo zinaheshimu katazo. Ukikuta ukurasa wa mchezo umeandikwa kwamba ugawaji umekataliwa, uache, chukua mwingine. Haijapungua ya kuchezea.

Njia nyingine isiyohitaji hata faili ni magazeti. Magazeti ya miaka ya 1980 kama Sinclair User yalichapa programu nzima kwenye kurasa zake, msomaji akaziandika mwenyewe kwa vidole. Nakala zake za picha zipo Internet Archive. Kwa kijana anayetaka kujua kompyuta inavyofikiri, sijaona shule nzuri kuliko hii.

Unapopakua, angalia mwisho wa jina la faili, kwa kuwa hapo ndipo wengi hupotea:

- .TAP ni kaseti ya kawaida, imehifadhiwa kipande kwa kipande. Anza na hii.
- .TZX nayo ni kaseti, lakini inahifadhi hata mipigo isiyo ya kawaida. Michezo mingi ya kuuzwa ilitumia vipakizi vyake vya haraka ili isinakiliwe, na hiyo haiingii kwenye TAP.
- .Z80 na .SNA si kaseti. Ni picha ya kumbukumbu iliyokamatwa mchezo ukiwa tayari unaendelea. Huwezi kuipiga kama sauti hadi uigeuze kwanza.

Soma pia ukurasa wa mchezo: umeandikwa 16K, 48K au 128K. Mchezo wa 128K kwenye mashine ya 48K utapakia dakika nzima kisha ukwame au uzime kioo, na wewe utamlaumu fundi bure.

Kuigeuza faili kuwa sauti

Utahitaji kompyuta ya kawaida kwa hatua hii. Laptopu yoyote itatosha, hata ya kuazima, kwa kuwa ukishatengeneza sauti unaihamishia kwenye simu.

1. Weka emuleta iitwayo Fuse, ufungue faili lako humo kwanza. Mchezo ukikataa kwenye Fuse, utakataa pia kwenye mashine. Hatua hii usiiruke, kwani inakutenganishia kosa la faili na kosa la sauti.

2. Weka zana ndogo zinazofuatana na Fuse. Kwenye Ubuntu na Debian kifurushi chake kinaitwa fuse-emulator-utils. Ndani yake kuna tape2wav. Fungua dirisha la amri uandike:

tape2wav mchezo.tzx mchezo.wav

Kwa faili la .Z80 au .SNA, tumia kwanza snap2tzx iliyomo kwenye kifurushi hicho hicho, kisha endelea kama hapo juu.

3. Acha faili likiwa WAV, yaani sauti isiyobanwa. Usiligeuze kuwa MP3. MP3 ilibuniwa kudanganya sikio la binadamu kwa kutupa yale tusiyoyasikia, na Spectrum haina sikio la binadamu. Inahesabu urefu wa kila mpigo wa sauti, na MP3 inaulainisha ukingo wa mipigo hiyo. Kuna wanaobahatika nayo, lakini sioni sababu ya kubahatisha wakati WAV ya mchezo mzima haizidi nafasi ya nyimbo chache kwenye simu.

4. Hamishia WAV kwenye simu kwa waya au kadi. Ukituma kwa programu za ujumbe, itume kama waraka, la sivyo itabanwa.

Kuipakia

Hapa tukae kidogo.

Unganisha waya yenye jeki ya milimita 3.5 pande zote mbili, upande mmoja kwenye tundu la spika za masikioni la simu, mwingine kwenye EAR ya Spectrum. Waya ya stirio inafaa, na kwa simu ni bora kuliko ya mono, kwa sababu jeki ya mono inaweza kuifanya simu idhani umechomeka maiki. Simu isiyo na tundu inahitaji adapta ya USB-C. Bluetooth haina kazi hapa. Tundu la MIC liache tupu.

Kwenye simu, weka hali ya ndege. Mlio mmoja wa ujumbe katikati ya upakiaji unaharibu kila kitu. Zima ekolaiza, zima kila kinachoitwa kuboresha sauti, zima besi ya ziada. Sauti iweke karibu na mwisho.

Kwenye Spectrum bonyeza J. Litatokea neno LOAD. Kisha shika SYMBOL SHIFT ubonyeze P mara mbili, upate alama mbili za kunukuu, na ENTER. Umeandika LOAD "", maana yake pakia chochote kinachofuata. Kwenye mashine ya 128K menyu inakuwekea Tape Loader, unabonyeza ENTER tu.

Sasa piga sauti, na macho yako yasitoke kwenye ukingo wa kioo. Huo ukingo ndio kipimo chako cha bure.

Kwanza unasikia mlio mmoja mrefu usiobadilika. Kwenye ukingo inatokea mistari mipana ya nyekundu na samawati hafifu, ikipanda au kushuka taratibu. Mlio huu unakaa kama sekunde 5, na kazi yake ni kuiamsha mashine: sikiliza, data inakuja. Kisha unakuja mkwaruzo mfupi sana na mistari inageuka kuwa myembamba ya bluu na njano. Hapo mashine imesoma kichwa cha faili, na kwenye kioo linaandikwa neno Program pamoja na jina la mchezo. Unatulia kidogo, mlio mrefu unarudi kwa kama sekunde 2, halafu bluu na njano tena, safari hii kwa muda mrefu. Ile bluu na njano ndiyo programu yenyewe. Mpigo mfupi ni sifuri, mpigo mrefu mara mbili yake ni moja, na mashine inapokea zaidi ya elfu moja kati ya hizo kila sekunde.

Baadaye kidogo, kwa michezo mingi, picha inaanza kuchorwa. Haianzi juu ikashuka sawasawa. Mistari inajichora kwa kuruka, theluthi ya juu ya kioo kwanza, kisha ya kati, kisha ya chini, yote kwa rangi mbili tu, na mwisho kabisa rangi zinamwagika mraba kwa mraba. Picha hiyo ni baiti 6912: 6144 za michoro na 768 za rangi. Inachukua kama sekunde 40. Niliwahi kuona watoto wa jirani wakiacha mpira nje na kusimama mbele ya TV wakihesabu mistari, na mchezo wenyewe ulikuwa bado haujaanza. Mchezo kamili wa 48K unachukua kati ya dakika 4 na 5. Usiiguse waya, usiiguse simu.

Ikikataa

Itakataa, hasa mara za kwanza. Dalili husema wazi ugonjwa uko wapi.

Hakuna mistari yoyote kwenye ukingo, ingawa sauti inapigwa. Sauti haifiki, au ni ndogo mno. Hii ndiyo kesi ya wengi wanaotumia simu, kwa sababu simu za sasa zinatoa sauti dhaifu kuliko redio kaseti ya mwaka 1982. Dawa yake iko mtaani: tafuta redio yenye tundu la AUX na tundu la spika za masikioni. Simu iingie AUX, redio itoke kuelekea Spectrum, na kitufe cha sauti cha redio ndicho unachokizungusha. Kama redio yako ni ya kaseti na haina AUX, nunua ile kaseti yenye waya iliyokuwa ikitumika kwenye magari. Unaichomeka kwenye simu, unaiweka ndani ya redio, unabonyeza cheza. Ni njia ya mzunguko, ila inaipa Spectrum sauti ya nguvu inayoitaka.

Mistari ya nyekundu na samawati inaonekana, jina la programu linatokea, kisha unapata R Tape loading error, 0:1. Sauti inafika lakini imeharibika. Ishushe kidogo, rudia. Ikikataa, ipandishe kidogo kupita ulipoanza. Sauti kubwa kupita kiasi nayo inaharibu, tena zaidi ya unavyodhani. Hakikisha tena kwamba ekolaiza imezimwa kweli, kwa kuwa simu nyingine huwa na mbili, moja ya kicheza muziki na moja ya simu yenyewe.

Faili la TAP linapakia vizuri, lakini TZX fulani inakataa daima. Baadhi ya vipakizi vya haraka vinajali mawimbi yanaanza juu au chini, na simu au redio yako inaweza kuwa inayapindua. Fungua WAV kwenye Audacity, programu ya kompyuta ya kurekodi na kuhariri sauti, chagua yote, tumia kazi iitwayo Invert, hifadhi upya, jaribu.

Inapakia hadi mwisho, kisha kioo kinakuwa cheusi na mashine inaanza upya. Rudi kwenye karatasi uliyobandika chini ya mashine. Ama mchezo ni wa kumbukumbu kubwa kuliko yako, ama kumbukumbu ina chipu mbovu. Ukiiwasha ukaona mistari au viraka vya rangi badala ya kioo cheupe, hilo ni la fundi. Mwambie aanze kwa kupima volti 12, 5 na hasi 5 kwenye chipu za kumbukumbu za chini, ambazo ni za aina ya 4116, kwa sababu hasi 5 ikikosekana chipu hizo huungua.

J haitoi chochote, au safu nzima ya vitufe imekufa. Utando wa plastiki ulio chini ya vitufe umepasuka pale unapoingia kwenye bodi. Mipya bado inatengenezwa na kuuzwa nje. Usijaribu kuuunga kwa gundi.

Kuna kipimo kimoja kinachomaliza ubishi wote. Andika programu yako mwenyewe:

10 FOR n=0 TO 7
20 BORDER n
30 PAUSE 25
40 NEXT n
50 GO TO 10

F inatoa FOR, B inatoa BORDER, M ni PAUSE, N ni NEXT, G ni GO TO, na neno TO linapatikana kwa SYMBOL SHIFT na F. Bonyeza R kisha ENTER, ukingo utabadilika rangi kila nusu sekunde. Simamisha kwa CAPS SHIFT na SPACE. Sasa unganisha MIC ya Spectrum kwenye redio kaseti au tundu la maiki la laptopu, chomoa waya ya EAR, bonyeza S, andika "tanga" ndani ya alama za kunukuu, ENTER, anza kurekodi, kisha bonyeza kitufe chochote. Irudishe sauti hiyo kwenye EAR na uipakie. Ikikubali, mashine yako ni nzima kuanzia mwanzo hadi mwisho, na tatizo lolote lililobaki liko kwenye faili au kwenye simu.

Kadi ya SD, kwa aliyechoka kusubiri

Kipo kifaa kinaitwa divMMC kinachochomekwa nyuma ya mashine. Unaweka faili za TAP, Z80 na SNA kwenye kadi ya SD, unabonyeza kitufe, unachagua, na mchezo unaanza mara moja. Mambo mawili tu ya kushika: usikichomeke wala kukichomoa mashine ikiwa imewashwa, na toleo la esxDOS (programu inayokiendesha kifaa hicho) lililo kwenye kadi lazima lifanane na lile lililo ndani ya kifaa, la sivyo hakitaanza. Kwa matumizi ya kila siku ni kizuri sana. Hata hivyo, mwenye mashine mpya namshauri apakie kwa sauti kwanza, ili siku kifaa kikiharibika asibaki amekaa.

Kaseti zilizobaki mitaani

Hili ndilo ninalolijali kuliko yote. Michezo mikubwa ya Uingereza imeshahifadhiwa, haipotei tena. Lakini kama kuna mtu wa Tanga aliyeandika programu yake mwenyewe kwenye Spectrum, pengine ya kuhesabu mahudhurio ya darasa au hesabu za duka, nakala yake huenda ni moja tu duniani, na iko kwenye kaseti isiyo na jina katikati ya kaseti za mawaidha na taarab. Ukimtembelea mzee mwenye mashine hii, baada ya shikamoo na kahawa, muombe akuonyeshe na kaseti zake. Kaseti ya kompyuta utaitambua kwa sekunde chache za kusikiliza: mlio mrefu, kisha mkwaruzo.

Usiipige kabla ya kuiangalia. Inua kifuniko cha redio uone utepe. Ukiona unga mweupe, huo ni ukungu wa unyevu wetu, na utaambukiza hedi ya redio, yaani kile kichwa kinachosoma utepe, pamoja na kaseti nyingine. Ifungue kaseti kama ina skrubu, pitisha utepe taratibu kwenye kitambaa kikavu kisichoacha nyuzi, ukiwa umefunika pua.

Safisha hedi na kigurudumu cha mpira kwa spiriti na pamba. Kisha rekebisha hedi: pembeni yake kuna skrubu ndogo, mara nyingi yenye springi. Kaseti ikiwa inapiga, izungushe kidogo sana kwa bisibisi nyembamba, kushoto na kulia, ukisikiliza. Pale mkwaruzo unapokuwa mkali na wazi kuliko popote, acha. Kila kaseti inaweza kutaka mahali pake.

Rekodi kwenye laptopu kwa Audacity, 44100 Hz, mono, pande zote mbili za kaseti, kuanzia mwanzo hadi utepe uishe. Hifadhi WAV hiyo bila kuigusa. Ukishaihifadhi ndipo utumie audio2tape, ambayo nayo imo kwenye zana za Fuse, kuigeuza kuwa TZX:

audio2tape kaseti.wav kaseti.tzx

Ijaribu kwenye Fuse. Ikishindwa, rekodi tena ukiwa umesogeza hedi. Ikikubali, piga picha ya kaseti na karatasi yake, andika aliyeitunga ni nani na mwaka gani kama anakumbuka, muombe ruhusa mwenyewe au familia yake, kisha peleka faili na picha Spectrum Computing au Internet Archive. Kaseti yenyewe mrudishie mwenyewe, na umwachie nakala kwenye flashi.